Ofisi ya leba ilipofungwa, foleni ilihamia kwangu

Mimi nina saiba. Ni chumba kimoja, kompyuta tatu, printa na mashine ya fotokopi, kando ya barabara kuu inayokwenda Lunga Lunga. Kwa miaka mingi jirani yangu wa mlango wa tatu ilikuwa ofisi ndogo ya ajira ya serikali, ile ambayo watu wa huku kwetu huiita ofisi ya leba. Mwaka jana ilifungwa. Asubuhi moja tulikuta karatasi imebandikwa mlangoni, mistari minne tu, ikisema huduma zimehamishiwa Mombasa na nyingine zinapatikana mtandaoni. Sababu haikuelezwa, wala hakuna mkaazi aliyekuwa ameitwa kuulizwa maoni yake.

Tangu siku ile biashara yangu imenawiri. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anazungumza na nani. Foleni iliyokuwa ikikaa kwenye benchi la ofisi ya leba sasa inakaa kwenye benchi langu. Tofauti ni kwamba kule walikuwa hawalipi kitu, na kwangu wanalipa: kufungua akaunti ni pesa, kuskani cheti ni pesa, kutuma maombi ni pesa. Kwa hiyo mtu wa mwisho kulalamika kuhusu kufungwa kwa ofisi ile ningekuwa mimi. Lakini ni mimi pia ninayeona kila siku yale wanayopitia wanaotafuta kazi, na naona ni haki nieleze.

Ofisi ile ilikuwa ikifanya nini

Wengi wetu tulidhani ni mahali pa kuandikisha jina tu. Kumbe kazi zake zilikuwa kama tano, na kila moja imeacha pengo lake.

Ya kwanza ilikuwa daftari. Mtu alifika na kitambulisho na vyeti vyake, kama anavyo, na karani akaandika jina, ujuzi, kijiji na nambari ya simu. Hakulipa hata shilingi. Aliyeishia darasa la sita na aliyetoka chuo kikuu walikaa benchi moja.

Ya pili ilikuwa kuwaunganisha waajiri na wafanyakazi. Anayeishi Pwani anajua kuwa ajira yetu ina misimu. Baada ya Pasaka mvua za masika zikianza, hoteli nyingi za Diani hupunguza watu na nyingine hufunga kabisa. Julai zinaanza kuita tena, na Desemba zinataka mikono ya kila aina: wapishi, wahudumu wa vyumba, walinzi, watu wa bustani. Baadhi ya waajiri walikuwa wakipiga simu ofisini kabla ya msimu kuomba majina. Ubao wa matangazo pale nje ulisomwa kuliko gazeti lolote.

Ya tatu ilikuwa ushauri, yaani jinsi ya kuandika barua, mtu aende na nini kwenye mahojiano, na kozi gani ya chuo cha ufundi ina soko. Ya nne ilikuwa malalamiko. Kibarua aliyenyimwa mshahara alikwenda pale, afisa akampigia hesabu ya haki zake, kisha akampigia simu mwajiri. Mara nyingi simu moja ya serikali ilitosha. Ya tano ilikuwa kuthibitisha mawakala. Msichana akiambiwa kuna kazi Saudia au Qatar, alikuwa na mahali pa kwenda kuuliza kama wakala huyo ana kibali.

Nisiipake ofisi ile mafuta. Kulikuwa na siku afisa hayupo na mlango umefungwa hadi saa tano. Kulikuwa na watu waliokaa kwenye daftari miezi na miezi bila kuitwa, na wapo walionong'ona kuwa majina mengine yalirukishwa foleni. Lakini mtu aliyeona amerukwa alikuwa na mlango wa kugonga na uso wa kuuliza. Leo anayerukwa hajui hata amerukwa na nani.

Neno lenyewe kibarua

Sisi watu wa Pwani tunalijua jambo hili tangu zamani, nalo limo ndani ya lugha yetu. Kibarua ni barua ndogo. Katika miji ya Waswahili mtu wa kazi ya kutwa alikuwa akipewa kikaratasi cha kuonyesha kuwa amefanya kazi, na hicho kikaratasi ndicho kilichompa jina. Asiye na karatasi hakuwa na ushahidi, na asiye na ushahidi hakuwa na malipo.

Bandari ya Mombasa ilijengwa kwa jasho la watu wa namna hiyo. Kwa miongo mingi mtu aliamka alfajiri bila kujua kama leo atachaguliwa langoni au atarudi nyumbani mikono mitupu. Ugumu huo wa maisha, pamoja na mishahara duni na kodi za nyumba, ulichangia mgomo mkuu wa Januari 1947 uliosimamisha mji mzima, na ambao uliinua jina la Chege Kibachia. Katika miaka ya 1940 na 1950 hata serikali ya kikoloni ililazimika kuwasajili vibarua wa bandarini na kupunguza mtindo wa kuokota watu langoni, kwa kuwa iliona kuwa soko la kazi lisilo na daftari huzaa ghasia.

Baada ya uhuru nchi yetu ilijifunga kwa maandishi. Mwaka 1964 Kenya iliridhia Mkataba nambari 88 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao unaitaka kila nchi iliyouridhia iwe na huduma ya ajira ya umma isiyolipiwa, na iwe na ofisi za kutosha katika kila eneo, mahali panapofikika kwa urahisi na waajiri pamoja na wafanyakazi. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo imeipa mamlaka hiyo jukumu la kusajili wanaotafuta kazi na kuwasaidia kupata ajira. Kwa hiyo anayedai ofisi hadai hisani. Anadai kitu ambacho nchi ilikwisha kukiahidi.

Mombasa si mbali, lakini kwa nani

Nimesikia hoja kwamba Mombasa si mbali. Kwa mwenye gari, ni kweli. Kwa mama anayefua nguo za watu hapa kwetu, safari ni hivi: matatu hadi Likoni, kushuka na kungoja feri pamoja na maelfu wengine, kuvuka, halafu matatu nyingine au tuktuk hadi mjini. Feri kwa mtembea kwa miguu ni bure, lakini matatu si bure na siku si bure. Akienda Mombasa, kibarua cha siku hiyo kimepotea. Akifika akaambiwa arudi Alhamisi na kopi ya cheti fulani, vibarua viwili vimepotea. Mtu anayetafuta kazi ndiye asiye na pesa za kutafutia kazi. Akipiga hesabu mara mbili, ya tatu haendi tena, na huko juu itaandikwa kuwa mahitaji ya huduma yamepungua.

Mtandaoni napo kuna milango yake. Akaunti ya eCitizen inataka kitambulisho na nambari ya simu inayofanya kazi. Maombi mengi yanataka baruapepe. Wateja wangu wengi wana simu ndogo ya kubonyeza, na laini wamebadilisha mara tatu tangu walipofungua akaunti. Wengine hata kitambulisho ni kipya. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja kufanya kazi mashambani na viwandani tangu enzi za ukoloni, walianza kupewa vitambulisho vya Kenya mwaka 2017. Wapemba walitambuliwa rasmi mwaka 2023. Mtu aliyeishi miaka hamsini bila karatasi, ukimwambia leo kwamba kila kitu kiko mtandaoni, umemtoa nje tena kwa mlango mwingine.

Kosa langu mwenyewe

Sasa nieleze jambo ambalo lingenifaa nilinyamazie.

Alikuja kijana mmoja, fundi wa umeme, mtoto wa jirani. Ana cheti cha chuo cha ufundi na mikono mizuri. Nilimfungulia baruapepe, nikamwekea nenosiri, na kama kawaida yangu nikaliandika kwenye kitabu changu ili akisahau aje aniulize. Hakuwa na simu ya kuipokea. Tukatuma maombi sehemu nne. Kila baada ya siku mbili tatu alipita mlangoni: "Shikamoo mjomba, kuna lolote?" Nami hujibu marahaba, bado mwanangu, huku mikono yangu iko kwa mteja mwingine.

Siku moja nilifungua ile baruapepe kwa sababu alinisisitiza. Mwaliko wa mahojiano ulikuwa umeingia siku tisa nyuma. Mahojiano yalikuwa yamefanyika juzi yake. Zile siku zote nilizokuwa nikimwambia bado, mimi sikuwa nimefungua. Alisoma kwenye skrini, akasoma tena, kisha akaniuliza kama ukurasa ule unagharimu pesa ngapi kutoa kwenye printa, ili akamwonyeshe mamake kuwa kweli aliitwa. Sikumchukulia pesa. Lakini pesa hazikuwa ndizo.

Ofisi ya leba ilikuwa na karani ambaye kazi yake, aliyoajiriwa na kulipwa kwayo, ilikuwa kumtafuta mtu anapoitwa. Akikosa kumpata kwa simu, alimtuma mtu wa bodaboda anayetoka kijiji kile. Mimi si karani. Mimi ni mfanyabiashara, na aliye mbele yangu na pesa mkononi ndiye ninayemwona. Huduma ya umma ikifungwa, kazi zake hazifi. Huangukia mikononi mwa watu kama mimi ambao hawakuapishwa, hawakufunzwa na hawawajibiki kwa yeyote.

Fikiria pia hili. Katika kompyuta zangu mna kopi za vitambulisho, vyeti na manenosiri ya mamia ya watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inanipa wajibu mzito juu ya vitu hivyo. Nimeanza kuvifuta, na kile kitabu cha manenosiri nimekichoma. Lakini saiba ziko nyingi, na si kila mwenye saiba amepata somo kama langu.

Pengo hujazwa na mabroka

Wa kwanza kufurahia ofisi kufungwa si sisi wa saiba. Ni mabroka. Miezi michache tu baada ya mlango kufungwa, walianza kukaa palepale, kwenye kivuli cha mwarubaini uliokuwa wa wateja wa ofisi. Wapo wanaotoza pesa za kumwingiza mtu hotelini wakati wa msimu. Wapo wanaochukua pasipoti za wasichana na kuwaahidi kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Dada mmoja alikuja kwangu kuprinti mkataba wa kurasa mbili. Jina la mwajiri halikuwamo, mshahara haukuwamo, na alikuwa tayari ameuza mbuzi wake. Nilimwambia asubiri, tutazame orodha ya mawakala wenye vibali kwenye tovuti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wakala wake hakuwamo. Mbuzi walikwisha kwenda, lakini yeye alibaki.

Wangapi hawapiti kwa mtu wa kuwaambia wasubiri?

Huduma ikihama, riziki huhama

Pwani tumewahi kuliona jambo hili kwa ukubwa wake. Agosti 2019 ilipotolewa amri kwamba shehena za kwenda Nairobi na bara zipitie reli ya SGR, madereva, makuli, mafundi wa magari na mama wa vyakula barabara nzima kuanzia Mombasa na Mariakani hadi Mtito Andei walihisi. Watu waliandamana kila Jumatatu. Amri ilisitishwa Oktoba mwaka huo, na Novemba 2020 Mahakama Kuu iliipinga. Mwaka 2022 serikali mpya ikatangaza kurejesha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Somo lilikuwa rahisi: huduma ikihamishwa kwa kalamu, watu waliokuwa wakiizunguka hawahamishwi nayo.

Ofisi ya ajira ni ndogo, haina makontena, kwa hiyo hakuna aliyeandamana. Lakini tazama wakati wenyewe. Desemba 2024 mgodi wa Base Titanium hapa Kwale ulikamilisha uchimbaji wake, na zaidi ya watu elfu moja waliokuwa wakipata riziki pale ilibidi watafute kwingine. Wamo mafundi wa mitambo mikubwa, welda, madereva, watu wa maabara. Upande mwingine eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu linajengwa. Ujuzi uko hapa na kazi zinatarajiwa pale. Anayepaswa kukaa katikati na daftari ndiye aliyeondolewa.

Yale unayoweza kufanya

Kwanza kwa anayetafuta kazi. Fungua baruapepe kwenye simu yako au ya ndugu unayemwamini, si kwenye kitabu cha mwenye saiba. Nenosiri liwe lako. Andika kwenye barua nambari mbili za simu.

Usikimbilie kulipia vyeti. Cheti cha polisi cha maadili mema kinagharimu zaidi ya shilingi elfu moja, na vijana wanakilipia kabla hata hawajaona kazi. Sheria ya Ajira ilivyorekebishwa mwaka 2022 inasema mwajiri asikudai vyeti vya namna hiyo, pamoja na vile vya HELB na CRB, kabla hajakupa ofa ya kazi.

Wewe wa kibarua, weka kumbukumbu. Daftari la shule linatosha: tarehe, mahali, kazi, malipo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja hahesabiwi tena kibarua wa kutwa, anastahili masharti ya mwajiriwa wa mwezi. Na ukidhulumiwa, muda wa kwenda mahakamani kudai haki ya mkataba wa kazi ni miaka 3. Baada ya hapo mlango umefungwa, hata uwe na haki namna gani.

Pili kwa sisi wakaazi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na taasisi za serikali, na kupewa sababu kwa maandishi uamuzi unapomuumiza. Sheria ya mwaka 2015 iliyotokana na kifungu hicho inataka umma uarifiwe na kusikizwa pale uamuzi unapogusa watu wengi. Karatasi ya mistari minne mlangoni haitoshi. Kisha kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ukiandika barua kuuliza ofisi ilifungwa kwa nini, daftari la majina liko wapi, na huduma zitafikaje kwetu, afisa husika ana siku 21 kujibu. Asipojibu, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Ombudsman.

Na tusiombe makuu. Kama jengo ni ghali, afisa mmoja na aje siku moja kwa wiki akae kwa chifu au katika chuo cha ufundi, siku ijulikane na isibadilike. Alete daftari lake, ubao wa matangazo urudi, na awepo mtu wa kumpigia simu kijana anapoitwa. Hiyo haihitaji kujenga kitu.

Mimi kwa upande wangu nimeweka daftari kwenye kaunta, bure. Anayetafuta kazi anaandika jina, ujuzi na nambari. Wiki iliyopita msimamizi wa hoteli moja aliingia kufanya fotokopi, akalipekua, akanakili majina matatu. Nilifurahi, lakini sijidanganyi. Daftari la saiba halina mhuri, halimkemei mwajiri asiyelipa, na nikifunga duka linakwenda na mimi.

Barua yetu tumeiandika. Wametia sahihi watu arubaini na mmoja, na wa kwanza ni yule fundi wa umeme, ambaye bado anatafuta. Ilipokewa Jumatatu na kopi yetu ikapigwa mhuri. Siku 21 zinahesabiwa, na jibu lolote litakalokuja, au lisipokuja, nitawaletea hapahapa.